Meno bandia: Siku ya nta ndiyo siku ya kusema

MGONJWA anayetengenezewa meno bandia hupata fursa moja kuu ya kuyakosoa kabla hayajawa magumu. Fursa hiyo humjia siku anapotiwa kinywani meno yaliyopangwa juu ya nta.

Siku hiyo, jino lililokaa upande laweza kusogezwa kwa kisu kilichopashwa moto. Lililo refu laweza kupandishwa, na lililojificha nyuma ya mdomo likaletwa mbele. Lakini nta ikishayeyushwa na nafasi yake kujazwa akriliki, mpangilio huo huwa umefungwa. Daktari ataweza kusaga sehemu inayochubua ufizi, ila kuhamisha meno ni sawa na kuanza kazi upya, kwa muda mwingine na gharama nyingine.

Hata hivyo, aghalabu mgonjwa huipitisha siku hiyo akiwa kimya. Huiona kuwa safari nyingine tu ya kusumbuliwa, hasa iwapo ametoka Muhuru Bay kwenda mjini Migori, au amepanda boti kutoka kisiwa cha Mfangano ndipo ashike barabara ya Homa Bay. Wengine hudhani kwamba kumkosoa daktari ni utovu wa adabu.

Ili kufahamu kwa nini siku hiyo ina uzito, ni muhimu kwanza kuielewa nta yenyewe: ni ya namna gani, hufanya kazi gani, na kwa nini kila kazi ina nta yake.

Si nta ya mshumaa

Nta itumiwayo na madaktari wa meno ni mchanganyiko. Sehemu yake kubwa huwa parafini. Hii si yale mafuta ya taa ambayo watu wengi nchini Kenya huyaita kwa jina hilo, bali ni nta nyeupe inayotokana na mafuta ya petroli, ile ile inayotengenezea mishumaa. Humo huongezwa nta ya nyuki, nta ngumu ya karnauba inayokwanguliwa kwenye majani ya aina fulani ya mchikichi wa Brazil, utomvu wa miti na rangi.

Kila kiungo kina sababu yake. Parafini ni rahisi kuyeyuka, lakini ikiwa peke yake hukwanguka vipandevipande na huacha uso usio laini. Nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 za sentigredi, huipa mchanganyiko unyumbufu. Karnauba, inayostahimili joto hadi kupita nyuzi 80, huupa ugumu na mng'ao. Utomvu wa miti huufanya ushikamane na usivunjike ovyo.

Kwa kubadilisha vipimo vya viungo hivyo, viwanda hupata nta zenye tabia tofauti kabisa. Ndiyo maana masega yaliyokamuliwa asali, hata yakichujwa vyema, hayawezi kutumiwa moja kwa moja katika maabara ya meno. Nta ya mzinga ni kiungo tu, si kazi iliyokamilika.

Makundi matatu

Wataalamu huzigawa nta za meno katika makundi matatu kulingana na kazi: nta za kuundia, nta za kusaidia kazi, na nta za kupimia.

Katika kundi la kwanza kuna nta ya bamba, ambayo mgonjwa wa meno bandia hukutana nayo zaidi. Huuzwa ikiwa vipande bapa vya rangi ya waridi, mithili ya ufizi. Fundi huilainisha kwa moto, huikunja ikafuata umbo la taya, kisha huyapanga meno juu yake.

Kundi hilo pia lina nta ya kujazia tundu la jino, ambayo huwa ngumu na mara nyingi ya rangi ya samawati, kijani au zambarau ili ionekane vyema kando ya jino. Hii hutumiwa kuchonga umbo la kofia ya jino, daraja au kijazio kitakachosubiwa kwa madini. Vilevile kuna nta ya kusubia, inayouzwa ikiwa nyuzi na vipande vyembamba, ambayo huundia fremu za chuma za meno bandia ya sehemu ya taya.

Kundi la pili ni la nta za kusaidia kazi. Nta ya kunata, iliyo na utomvu mwingi na nta ya nyuki, huwa ngumu na hukatika ikipoa, lakini ikiyeyushwa hushika barabara. Meno bandia yakivunjika vipande viwili, fundi huviunganisha kwa nta hii ili vitulie mahali pake wakati anapomwaga plasta chini yake, ndipo aanze kuyarekebisha. Nta ikipoa, kosa lolote la kuhama kwa vipande huonekana mara moja, kwani hukatika badala ya kupinda.

Nta ya kuzungushia ni utepe unaowekwa pembeni mwa chapa ya kinywa kama ukuta, ili plasta ikimiminwa isitiririke. Nta laini ya matumizi ya jumla, inayokuja katika vijiti kama kamba, hutumiwa kurefusha kingo za kisahani cha kuchukulia chapa ili kisimuumize mgonjwa.

Ndugu yake wa karibu ni nta nyeupe ya watu waliofungwa nyaya za kunyoosha meno. Mgonjwa hukata kipande kidogo, hukifinyanga kwa vidole kikalainika, kisha hukibandika juu ya waya unaochubua shavu. Hii ndiyo nta ya meno ambayo mgonjwa hupewa kwenda nayo nyumbani, na kipande kikimezwa kwa bahati mbaya hakina madhara makubwa.

Ipo pia nta ya mfupa, iliyotengenezwa hasa kwa nta ya nyuki na kusafishwa vijidudu. Daktari wa upasuaji huipaka kwenye mfupa unaovuja damu ili kuziba vitundu vyake. Matumizi yake yalienezwa na daktari Mwingereza Victor Horsley mnamo mwaka 1892.

Kundi la tatu ni la nta za kupimia. Hizi huwekwa kinywani zikiwa laini ili zichukue alama ya jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Mjerumani Philipp Pfaff, aliyekuwa daktari wa meno wa Mfalme Frederick wa Prussia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1756 namna ya kuchukua chapa ya taya kwa nta na kuimimina plasta. Leo chapa ya kinywa kizima huchukuliwa kwa unga unaochanganywa na maji ukaganda kama uji mzito, au kwa mpira maalumu, kwa sababu nta hujivuta inapotolewa chini ya jino lililobinuka. Lakini kwa kupima namna taya zinavyofunga, nta haijaondolewa kazini.

Joto la ziwani

Sifa inayoifanya nta iwe chombo chema ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iwe hatari: hubadilika upesi kwa joto. Miongoni mwa vifaa vyote vya daktari wa meno, hakuna kinachotanuka na kusinyaa kwa joto zaidi ya nta.

Aidha, nta ina kile ambacho mafundi hukiita kumbukumbu. Kipande kilichokuwa kimenyooka kikakunjwa kwa nguvu bila kulainishwa vya kutosha, hubaki na mvutano ndani yake. Kikiachwa mezani, hujaribu kurudi taratibu katika umbo lake la awali. Kadiri joto linavyozidi na muda unavyopita, ndivyo kinavyojikunjua. Kwa jicho tofauti hiyo huenda isionekane, ila ufizi utaihisi.

Kwa sababu hiyo, nta ya bamba hutengenezwa kwa viwango vitatu vya ugumu. Kiwango cha kwanza ni laini, cha kujengea sura ya ufizi. Cha pili ni cha wastani, kinachofaa kujaribiwa kinywani katika nchi za baridi kiasi. Cha tatu ni kigumu, na kimekusudiwa hasa maeneo ya joto.

Mwambao wa Ziwa Victoria katika kaunti za Migori na Homa Bay ni mahali pa joto. Mchana, nyuzi 30 za sentigredi ni jambo la kawaida, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupanda zaidi ya hapo. Nta laini iliyoagizwa kwa sababu ilikuwa rahisi kuikunja, inaweza kuharibu kazi nzuri ya fundi stadi kabla haijamfikia mgonjwa.

Tatizo hilo huongezeka pale kliniki isipokuwa na maabara yake, ikalazimika kusafirisha kazi hadi mji mwingine kama vile Kisii au Kisumu. Kifurushi kilichowekwa mbele ya matatu, kwenye kioo kinachopigwa na jua, kinaweza kufika kikiwa na meno yote ila yameinama kidogo upande mmoja. Dawa yake ni rahisi: nta isafirishwe ikiwa juu ya kielelezo chake cha plasta, ndani ya sanduku lililofunikwa, kivulini, wala isikae siku nyingi bila kushughulikiwa.

Nta inayopotea

Huko Macalder, katika eneo la Nyatike, dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni, na hadi leo wachimbaji wadogo hujipatia riziki katika mashimo ya kaunti ya Migori. Madini hayo yana historia ndefu kinywani mwa binadamu, kwani hayashiki kutu. Lakini dhahabu haiwezi kuchongwa moja kwa moja ikalingana na tundu la jino. Huhitaji kwanza nta.

Fundi huchonga umbo la kijazio au kofia kwa nta, akilizamisha ndani ya plasta maalumu inayostahimili moto. Plasta ikikauka, hutiwa tanurini. Nta huyeyuka, huungua na kutoweka kabisa, ikiacha kalibu tupu yenye umbo lile lile. Humo ndimo dhahabu iliyoyeyushwa husukumwa.

Ufundi huu ni wa kale mno. Masonara na wahunzi wa mataifa mengi waliutumia kwa maelfu ya miaka, na ndio uliosubu vichwa mashuhuri vya shaba vya ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo. Katika udaktari wa meno, ulipata umaarufu mwaka 1907, wakati Mmarekani William Taggart alipoonyesha jinsi ya kusubu vijazio vya dhahabu kwa njia hiyo.

Hapa nta hudaiwa mambo mawili. Kwanza, iwe imara kwenye joto la mwili, nyuzi 37, ili isipinde inapotolewa kinywani, ilhali nyuzi chache juu ya hapo ilainike vya kutosha kujaza kila pembe. Pili, iungue bila kuacha majivu, kwani chembe ndogo ya masalio huwa shimo katika madini. Chochote nta ilichokosea, dhahabu hukirithi.

Hatua za meno bandia

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala utengenezaji wa meno bandia ya kuvaa na kuvua, ijapokuwa kinachochukua nafasi ya nta ni akriliki, iliyoanza kutumiwa kwa kazi hii katika miaka ya 1930.

Mara ya kwanza daktari huchukua chapa ya kinywa, na maabara hutengeneza kielelezo cha plasta. Mara nyingi huchukuliwa chapa ya pili iliyo sahihi zaidi. Baadaye mgonjwa hurudi kutiwa vizingo vya nta, yaani kuta mbili za nta zinazosimama mahali pa meno. Kwa hivyo daktari hupima urefu wa uso, mahali taya zinapokutana na jinsi mdomo unavyotokeza. Huchora pia mstari wa katikati ya uso na mstari wa kicheko.

Fundi hupanga meno kwa kufuata alama hizo, na ndipo siku ya kujaribu inapowadia. Mgonjwa akiridhika, kazi hurudi maabara na kufungwa ndani ya kalibu ya plasta. Maji ya moto huyeyusha nta yote, akriliki hushindiliwa mahali pake, kisha huivishwa kwa joto hadi ikawa ngumu. Hatimaye husagwa na kung'arishwa.

Ni kutokana na hatua hizi ambapo mgonjwa huitwa mara nne au tano. Anayeahidi meno kamili ya taya zima kwa siku moja, bila kupima kwa nta wala kujaribisha, hajagundua njia ya mkato. Ameondoa hatua ambayo mgonjwa angeweza kusema hapana.

Ya kuangalia

Siku ya nta, mgonjwa anashauriwa kuomba kioo na kujitazama karibu na dirisha, kwenye mwanga wa jua. Aketi wima, kwani anayejitazama akiwa amelala kitini huona uso usio wake. Ni vyema aandamane na mke, mume au mtoto mkubwa anayeujua uso wake wa zamani. Picha ya zamani inayoonyesha meno yake humsaidia daktari kuliko maelezo mengi.

Jambo la pili ni matamshi. Meno ya mbele ya juu yakiwa marefu au yametokeza mno, herufi f na v hukwama kwenye mdomo wa chini. Yakikaa vibaya, s hugeuka mluzi. Kwa msemaji wa Dholuo kuna kipimo kingine, kwa kuwa sauti za th na dh humtaka aulete ulimi kwenye meno. Atamke majina kama Ndhiwa na Thimlich mara kadhaa. Mkuria wa Kehancha naye azungumze kwa lugha yake, si kwa kuhesabu namba za Kiingereza peke yake.

La tatu ni namna ya kuuma. Meno ya pande zote mbili yakutane kwa pamoja, bila upande mmoja kutangulia. Mgonjwa afunge kinywa polepole, kwani akiuma kwa nguvu ataiharibu nta. Wala asinywe chai ya moto nayo ikiwa kinywani. Jaribio likirefuka, daktari huitoa na kuipoza kwa maji baridi kabla ya kuendelea.

La nne linahusu uzuri kama unavyojulikana nyumbani. Watu wengi wa Afrika Mashariki huuhesabu mwanya baina ya meno mawili ya mbele kuwa pambo. Fundi asipoambiwa atayapanga meno yakiwa yamebanana, na mgonjwa aliyekuwa na mwanya tangu utotoni ataondoka na uso wa kigeni. Kuuacha mwanya katika nta ni kazi ya dakika chache.

Hali kadhalika, wapo wazee wa Kiluo waliong'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini walipokuwa vijana, kwa desturi ya nak, ambayo imefifia sana. Mahali jino lilipong'olewa mfupa hupungua kadiri miaka inavyopita, na mdomo uliozoea pengo kwa miongo mingi huenda ukahisi kusukumwa na meno mapya. Nta humwezesha mzee kama huyo kuamua kama anayataka meno hayo sita, yakae nyuma kidogo, au pengo lake liachwe lilivyo. Uamuzi huo ni wake.

Mwisho ni rangi. Meno meupe kama karatasi juu ya uso wa mtu wa miaka 70 hayamdanganyi yeyote. Rangi inayofanana na meno yaliyosalia ndiyo inayopendeza, na kuibadilisha kungali kunawezekana meno yangali katika nta.

Ya kuepuka

Nta ya mshumaa haifai kuziba jino lililotoboka wala kukazia meno bandia yaliyolegea. Haijatengenezwa kwa ajili ya kinywa, haizibi dhidi ya vijidudu, na hufunika uozo huku ukiendelea kuchimba chini. Gundi za dukani ni hatari zaidi, kwani huchoma ufizi na kumzuia fundi asiweze kuviunganisha vipande sawasawa.

Meno bandia ya akriliki nayo yasichemshwe kwa nia ya kuyasafisha. Maji ya moto yanaweza kuyapinda, na hapo hayatakaa tena. Maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini vinatosha.

Kabla ya yote, mgonjwa ahakikishe kwamba anayemhudumia amesajiliwa. Nchini Kenya, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno ndilo lenye orodha ya madaktari wa meno walio na leseni, na hospitali za umma za rufaa mjini Migori na Homa Bay ni mahali pa kuanzia kwa asiyejua aende wapi.

Tarakilishi zimeanza kuibadili kazi hii duniani. Katika maabara zenye uwezo, chapa ya kinywa huchukuliwa kwa kamera, na umbo la jino huchongwa na mashine kwenye gogo la nta au huchapishwa kwa plastiki. Hata huko, hatua ya kujaribu haijafutwa. Kielelezo hutiwa kinywani kwanza ili mwenye kinywa atoe kauli yake.

Wavuvi wa Mbita na Karungu wanaielewa vyema methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Meno bandia nayo hukunjwa yangali nta. Anayetaka kuuliza, kulalamika au kuomba jino lisogezwe, na afanye hivyo kabla daktari hajasema kwamba kazi inarudi maabara. Kisu cha fundi kingali na moto, na marekebisho ya siku hiyo ni sehemu ya kazi ambayo tayari ameilipia.